Délima na Upenu wa Baba

Délima wa Patrice wa Germain hakuwahi kumsalimu mtu kabla ya kuliangalia paa lake. Akifika kwako alisimama uani, mikono nyuma, akainua uso na kulisoma paa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, polepole, ndipo macho yakakushukia wewe. "Haya, mzima?" angesema, kana kwamba habari kubwa alikwisha kuipata. Mkikutana dukani, mbali na kwako, aligeuza kichwa kidogo kuelekea upande nyumba yako ilipo, halafu ndipo akakujibu. Kanisani alitazama juu kwanza, kisha akachovya vidole kwenye maji ya baraka. Padri mmoja mgeni alidhani ni uchaji, na siku moja akamsifu mbele ya watu.

"Baba," Délima akamjibu, "upande wa kushoto wa mnara misumari saba imeachia. Naihesabu tangu Pasaka."

Hapa kijijini Grand-Étang tumekaa kwenye kipande chembamba cha nchi, mlima mgongoni, bahari usoni. Wageni huogopa bahari. Sisi tunachokiogopa ni upepo unaoshuka kutoka mlimani, kutoka kusini-mashariki, nasi tunauita suête. Kwanza hewa hutulia. Halafu joto linakuja lisilo la msimu wake, wingu linalala juu ya mlima, na shakwe wanatua mashambani wakiwa wote wametazama upande mmoja. Ukiona hivyo unageuza gari lako litazame mlima, usije ukafungua mlango ukabaki na kitasa mkononi. Unafunga mlango wa mlimani, unatumia wa baharini, na unasubiri.

Nilirudi hapa kutoka Halifax nikiwa na miaka arobaini na mbili, masanduku ya vitabu na ndoa iliyokwisha, nikafundisha shule ileile niliyosoma. Mama yangu, Zélie, alikuwa na miaka themanini na moja na aliishi peke yake katika nyumba ya baba. Februari ya mwaka ule suête ilichukua kipande cha paa upande wa mlima, kipana kama gari dogo. Mvua ikaingia hadi kitandani kwake. Nilimkuta asubuhi jikoni, amejifunga mablanketi matatu, masufuria yote ya nyumba yamepangwa sakafuni yakikinga maji.

"Yamepangwa kwa sauti," akaniambia. "Sikiliza. Lile dogo ndilo linaloimba vizuri."

Sikucheka. Nilimwambia kwamba kule Sydney, mji mkubwa wa karibu, kuna nyumba ya kulelea wazee, safi, ya matofali, ambako mtu hulala bila kusikiliza masufuria. Tulibishana siku tatu. Siku ya nne akaniita, akaketi wima, akasema, "Odile, tuelewane mara moja. Ezeka paa. Likikaa, nakaa. Likiondoka tena hata kipande, nami nitaondoka nalo, utanipeleka Sydney na hutanisikia nikilalamika."

Mama hakuwa mtu wa kuvunja neno lake, ndiyo maana hakutoa maneno ovyo. Kuanzia siku hiyo nililijua paa lile ni kitu gani. Lilikuwa ndilo linaloamua mama yangu angefia wapi.

Baada ya kila suête makandarasi huja kutoka mbali na magari yao yanayong'aa, wakigonga mlango hata mlango. Kwetu alikuja kijana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi na sauti ya upole. Alipanda ngazi mbiombio, akapiga picha, akashuka baada ya robo saa na bei, rangi kumi na mbili za kuchagua, na karatasi ya dhamana ya miaka thelathini.

"Thelathini!" Mama akasema. "Nitakuwa na mia na kumi na moja. Utakuja kunitazama, mwanangu, au utanipigia simu tu?"

"Kampuni itakuja, bibi."

"Kampuni ina miguu?"

Kijana akacheka vizuri, hakukasirika. Nami nilikuwa na kalamu mkononi tayari. Karatasi yake ilinipa faraja, nakiri. Mtu aliyekaa miaka mingi kati ya karatasi huamini kwamba kilichoandikwa kimefungwa kwa msumari. Lakini Mama aliweka kiganja chake juu ya mahali pa saini.

"Muulize Délima kwanza," akasema. "Kwa adabu tu. Nisije nikakutana naye kanisani akageuza shingo kutazama huku, nami sina la kumwambia."

Délima, aliyeezeka mapaa ya kijiji tangu ujana wake, alikuja siku ya pili akiwa na Arsène, binamu yake, mzee wa miaka sitini ambaye kazi yake ilikuwa kubeba vitu juu na kulalamika chini. Yeye mwenyewe alikuwa na sitini na tisa, mfupi, mabega ya mpiga makasia, nywele nyeupe zimekatwa kama za mvulana. Alisoma paa letu kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akisoma paa la mtu.

"Mzima, mwanangu?" hatimaye akaniuliza.

"Mzima, Shangazi. Unaonaje?"

"Sioni kitu. Kwa macho utaona nini? Lazima nikae nalo."

"Ukae na nani?"

"Na paa. Suête ijayo nitakuja nikae darini, nilisikilize. Nawe utakaa pamoja nami."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Paa ni la nani?"

Arsène akanikonyeza. "Daktari wa meno alikaa naye darini mwaka juzi. Alishuka anasali kwa Kilatini, na Kilatini hajui."

Tulingoja siku kumi na moja, tundu la paa limezibwa kwa mbao. Nilimwomba kijana wa kampuni anivumilie, naye akavumilia. Siku ya kumi na mbili, mwezi Machi, niliamka nikahisi shingo yangu ina joto. Mlima ulikuwa umesogea karibu, kila mti unahesabika. Shuleni walipiga simu kusema mabasi hayatembei. Saa nne asubuhi Délima alikuwa ameshapita mlango wa baharini, ana taa kichwani, chaki mfukoni, na mto wa kukalia chini ya kwapa.

Nimekulia chini ya suête. Nilidhani naijua. Lakini nilikuwa nimeijua kutoka chini, nikiwa na dari na kuta na chai kati yangu nayo. Juu ya dari hakuna kitu kati yenu. Tuliketi kwenye mbao, vichwa vyetu karibu na mapao yanayobeba paa, na kwanza palikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia saa yangu. Kisha mlimani kule mbali kitu kikaanza kunguruma. Hakikuja haraka. Kilishuka kama gari moshi lisilo na mwisho, na kabla hakijatufikia masikio yangu yalijaa, kama vile mtu amebonyeza nyumba nzima kwa kiganja. Halafu kikatupiga.

Sitajaribu kueleza sauti ile kwa kuifananisha na nyingine, kwa sababu haikuwa sauti ya kitu. Ilikuwa kila mahali, na ndani yake nyumba yetu ikaanza kuvuta pumzi. Nasema nilichokiona. Pale paa linapokutana na ukuta, upande wa mlima, mstari wa mwanga wa mchana ulifunguka, unene wa sarafu, ukafungika, ukafunguka tena. Paa la baba yangu lilikuwa likiinuka na kushuka, taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Nilitaka kupiga kelele na sikuwa na mahali pa kuiweka.

Délima alikuwa amefumba macho. Kiganja chake kimoja kilikuwa kwenye pao, kingine kwenye mbao ya pembeni, na kichwa amekiinamisha kama mtu anayesikiliza mtoto mwenye haya.

"Huyu," akasema, akachora alama ya chaki kwenye pao. Akasogea kwa magoti. "Huyu hana neno. Huyu anadanganya. Huyu... ngoja." Akanishika mkono, akauweka kwenye mti. "Unamsikia?"

Nilisikia mtetemo tu, uliojaa mwili mzima.

"Sikiliza chini ya huo."

Nikasikiliza. Chini ya ngurumo palikuwa na kitu kidogo, tiki, tiki, kama kucha kwenye meza. Msumari mmoja. Katika dhoruba inayoweza kulaza gari ubavu, mwanamke yule alikuwa amesikia msumari mmoja ukilegea, na akanifanya nami niusikie. Sijui niliseme vipi jambo hili. Nimesoma vitabu vingi na nimekaa mbele ya walimu wenye majina, na sijawahi kufundishwa kitu kwa ukamilifu namna ile.

"Shangazi, ulijifunza wapi?"

Alijibu bila kufumbua macho, akipaza sauti kushinda upepo. "Nilikuwa na miaka tisa. Tupo mezani, tunakula samaki. Baba yangu alikuwa fundi wa paa, na la kwake alikuwa hajaligusa miaka mingi, unajua mafundi walivyo. Nikamwambia, baba, kuna kitu kinagonga. Akasema, kula. Nikamwambia tena. Akasema, kula, Délima. Halafu ikawa kimya sana, nikainua kichwa, na mahali pa dari palikuwa na mbingu. Bluu. Nzuri kupita kiasi. Hata sahani hazikusogea." Akachora alama nyingine. "Toka siku hiyo baba akinipandisha juu aliniuliza mimi kwanza. Hakuwa na mtoto wa kiume, lakini si kwa sababu hiyo. Ni kwa sababu nilimwambia mara mbili."

Tulikaa saa tatu. Tuliposhuka Mama alitutazama, akanivutia kiti bila kuuliza.

Délima alikunywa chai yake yote kabla ya kusema. Kisha akasema mapao ni mazuri, ya mbao za zamani, misumari mingi imechoka, mapao yafungwe ukutani kwa vyuma, vigae vipya vya lami, misumari sita kwa kila kigae badala ya minne. Hayo yote si kitu.

"Kitu ni upenu," akasema.

Hapo nilijua tungeumia. Baba yangu, Hector, alifanya kazi Ontario miaka ishirini, kwenye viwanda vya magari, na kule aliona nyumba zenye upenu mpana ambapo watu huketi jioni na bia. Aliporudi akajijengea wake, upande wa mlima, hatua mbili kutoka ukutani, kwa sababu alitaka kuketi akiutazama mlima aliouota miaka ishirini. Nyumba zetu hazina upenu. Kingo za mapaa hapa zimekatwa sawa na ukuta, upepo ukose pa kushika. Kijiji kizima kilimcheka. "Hector, nyumba yako imeota mabawa, itaruka lini?" Yeye aliweka kiti chake pale na kuketi. Majira ya joto kumi na mawili aliketi pale, na Agosti moja Mama alikwenda kumwita kwa chakula akamkuta ameketi hivyohivyo, macho mlimani, hajibu.

"Alipigilia mbao zake pembeni ya mapao ya zamani," Délima akaeleza, "zikatoka nje kushika upenu. Upepo ukiinua upenu, zile mbao zinanyanyua paa kama mtu anavyofungua kopo. Ndicho kilichotokea Februari. Ukatwe."

"Hapana," Mama akasema.

"Dada Zélie."

"Misumari piga hata elfu. Upenu hapana. Ukitaka kuukata, anza na mimi."

"Mama," nikasema, "wewe mwenyewe umesema, likiondoka hata kipande..."

"Najua nilichosema! Sijazeeka kiasi hicho." Akanyoosha kitambaa cha meza kwa viganja. "Nimeambiwa nichague kati ya nyumba na Hector. Basi na nyie semeni mngechagua nini."

Arsène, aliyekuwa amekuja kumchukua Délima, alitazama kofia yake. Nilimjua Délima kwa sifa zake: alikuwa amewahi kushuka ngazi na kuondoka na vifaa vyake kwa sababu mwenye nyumba alitaka bomba la moshi mahali yeye asipopataka. Nilingoja asimame.

"Nitauacha," akasema.

Arsène akainua kichwa ghafla. "Utafanya nini?"

"Nitauacha. Ila kwa namna yangu."

"Namna gani?" Mama akauliza.

"Namna ambayo hutaipenda, na hutaiona. Unakubali au hukubali?"

Mama akamjazia tena kikombe chake. Walikuwa wamejuana tangu wote wawili wakivaa soksi za kufumwa na bibi mmoja. "Nakubali," akasema.

Nilimpigia simu kijana wa kampuni kumwambia hapana. Aliuliza kwa upole fundi wangu ana umri gani, nami nikamwambia, kisha akauliza dhamana yake ni ya miaka mingapi. Nikaona aibu, kwa kuwa sikuwa nimeuliza. Jioni ile nikaenda kwa Délima.

"Shangazi, samahani. Unatoa dhamana?"

Arsène alikuwepo, akacheka hadi akakohoa.

"Suête ya kwanza baada ya kazi," Délima akasema, "mimi nakaa chini ya paa nililoezeka. Kila paa, kila mara, miaka hamsini. Likienda, naenda nalo. Unaijua dhamana nyingine iliyo bora kuliko hiyo?"

"Siijui."

"Basi nenda ukalale."

Waliezeka mwezi wa Juni, siku tisa, hewa imetulia na maboti ya wavuvi wa kambakoche yakitoka na kuingia. Délima hakutumia bunduki ya misumari. Alisema ile hupiga bila kuuliza. Alipiga kwa nyundo, pigo la kwanza dogo, la pili kubwa, na kati ya hayo mawili kulikuwa na nusu pumzi ambayo nilikuja kuelewa kwamba alikuwa akisikiliza. Mama aliketi nje kwenye kiti cha baba, chini ya upenu, akiwapigia kelele.

"Arsène! Umebeba kigae kimoja au umebeba sanduku la mawe?"

"Nimebeba dhambi zako, Zélie, ndiyo maana nachelewa!"

Siku ya mwisho niliona kwamba juu ya ukuta, pale paa linapoishia na upenu kuanza, vigae havikuendelea. Vilikatwa, na katikati ukapita ukanda mwembamba wa bati, kutoka pembe hadi pembe. Nilidhani ni urembo. Sikuuliza.

Suête ya kwanza ilikuja Novemba, siku ya Jumanne, baada ya chakula cha mchana. Redio ilitaja kasi ya kilomita mia na sabini kwa saa, kisha chombo cha kupimia kikavunjika na redio ikaacha kutaja. Nilitazama dirisha la baharini nikaona maji yamelazwa bapa, moshi mweupe ukikimbia juu yake kuelekea mbali na sisi. Sikudhani Délima angekuja. Saa nane na nusu gari la Arsène lilisimama uani pua ikiwa mlimani, na Délima akatoka kwa kutambaa, akafuata ukuta kwa mikono na magoti, msumeno umefungwa mgongoni kwa kamba. Nilimfungulia mlango wa baharini, Arsène akitambaa nyuma yake. Délima aliinuka, akapangusa matope magotini, akatazama dari.

"Mzima, mwanangu?"

Mama alikuwa jikoni na rozari yake. "Délima, una wazimu."

"Nina dhamana," Délima akasema, akapanda.

Nikapanda nyuma yake. Sikufikiri. Darini palikuwa na joto, na ngurumo ilikuwa imekwisha kuwa kitu kimoja kisicho na mwanzo. Nilitazama mahali pa mstari wa mwanga. Hapakuwa na mwanga. Mapao yalikuwa yamekamatwa na vyuma vyake, na paa kubwa lilikuwa limetulia chini ya uzito ule wote, likitetemeka kidogo tu, kama farasi aliyeshikwa vizuri. Nikaanza kulia, bila huzuni. Kitu chepesi kilichotengenezwa kwa mbao, lami na misumari, kwa mikono ya wazee wawili, kilikuwa kimesimama mbele ya mlima mzima unaoanguka.

Kisha upenu ukaanza. Ulikuwa mlio mwingine kabisa, wa kupinda, na mbao za baba zilizolala pembeni ya mapao zilianza kusogea, juu, chini, juu. Délima alisikiliza kwa muda. Akafungua kamba ya msumeno.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Paa lako na upenu wa baba yako haviko pamoja. Nilivitenganisha Juni. Vimeshikana kwa hizi mbao nne tu." Aligonga moja. "Nilimwambia mama yako hataiona."

Aliweka msumeno karibu kabisa na ukuta. Alikata kila upepo ulipovuta pumzi, akasimama uliposhuka, akakata tena. Mbao ya kwanza ilipokatika ilipiga ukuta kwa nguvu, nikamshika mkanda wake kwa mikono miwili. Ya pili. Ya tatu ilimchukua muda, mwanamke wa miaka sitini na tisa amelala kwa ubavu gizani, vumbi la mbao kwenye nyusi. Alipofika ya nne akaacha.

"Kuna mtu yeyote upande wa bahari?" akaniuliza.

"Shamba letu, halafu maji."

"Nilijua, lakini uliza kila mara. Kwa mwenye jirani nisingeuacha. Sasa shuka, umwambie Zélie aende dirishani, la baharini. Mwambie amuage."

Sikuelewa, kisha nikaelewa. Nilishuka ngazi nikiteleza, nikamshika Mama mkono, nikampeleka dirishani. Nilimwambia maneno yaleyale. Hakuuliza swali. Alisimama, rozari imezungushwa kiganjani, akiangalia nje mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Juu yetu kitu kikalia mara moja, kikubwa. Halafu kivuli kikapita juu ya shamba. Upenu wa baba yangu uliruka juu ya nyumba yetu ukiwa mzima, umelala sawa, mpana, hata haukuharakisha. Ulivuka uzio, ukavuka mawe ya pwani, ukapanda kidogo juu ya maji uliposhikwa tena, na ukaendelea kwenda magharibi hadi ule moshi mweupe ukaumeza. Nimeona mambo machache makubwa maishani. Hilo ni mojawapo.

Mama hakulia. Alifuta kioo kwa mkono wa sweta.

"Haya, Hector," akasema. "Siku zote ulikuwa unaniambia Ontario iko upande ule."

Nilipopanda tena darini Délima alikuwa amelala chali, taa ya kichwa ikitazama mapao, mkono mmoja juu ya pao. Mlio wa kupinda haukuwepo. Lilibaki paa peke yake, likitetemeka taratibu.

"Sikiliza," akasema. Nikasikiliza chini ya ngurumo, kama alivyonifundisha. Hapakuwa na tiki hata moja.

Alikaa hadi mwisho, kama alivyokaa chini ya kila paa lake. Suête ilipokufa, kabla ya jua kuzama, tulizunguka nyumba sote wanne. Ukingo ulikuwa umekatika sawa na ukuta, na ule ukanda wa bati ulikuwa umelala mahali pake, hakuna kigae kilichokosekana. Nyumba yetu ilikuwa imefanana na nyumba nyingine zote za Grand-Étang. Kiti cha baba kilikuwa ndani. Mama alikwisha kukiingiza asubuhi, bila kumwambia mtu.

"Kipande kimeondoka," Mama akasema, akitazama juu. "Nilisema hata kipande."

"Paa halijaondoka," Délima akasema. "Muulize mwenye kuezeka. Upenu si paa."

"Unaapa?"

"Dada Zélie, nimelala chini yake mchana kutwa. Unataka nikuapie nini zaidi?"

Siku chache baadaye, tukiwa wawili, nilimuuliza kwa nini hakuukata tu Juni, hewa ikiwa shwari, kuliko kutambaa kwenye matope na msumeno.

"Ningeukata mimi," akasema, "angeniona mimi kila asubuhi pale palipo wazi. Miaka yote iliyobaki. Sasa anaona upepo. Upepo umezoea kulaumiwa."

Mama yuko kwenye nyumba ile hadi leo ninapoandika, naye ametimiza themanini na sita. Kiti cha baba kiko kwenye dirisha la jikoni, upande wa mlima.

Délima aliendelea kuezeka miaka mitatu mingine, halafu moyo wake ukachoka. Alilazwa hospitali ya Chéticamp wiki mbili za Aprili. Nilikwenda kumwona kila baada ya masomo, na siku ya mwisho, ambayo sikujua kwamba ni ya mwisho, alikuwa mdogo sana kitandani, mikono yake mikubwa imewekwa juu ya shuka kama vifaa vya mtu mwingine. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia jambo. Nilitaka kumwambia nilichokiona darini, kwamba tangu siku ile nikiwa nimelala na upepo unapita nasikiliza chini yake. Maneno yote nilikuwa nayo. Yeye akanitangulia.

"Zélie bado anapika mwenyewe?"

"Kila siku, Shangazi. Mimi ananifukuza jikoni kwake."

"Vizuri." Akafumba macho, nikadhani amelala. Nilikuwa nimeshachukua koti langu aliposema, "Basi mwambie supu ya kuku ya hapa imepikwa na mtu asiyemwogopa Mungu. Aniletee yake. Na asikutume wewe, aje nayo mwenyewe."